Saruji ya Baba Mkubwa

Kila nikirudi Dar, kabla sijatafuta pa kulala, hupita Mchikichini, nyuma ya wauza viatu vya mitumba, kuangalia mahali lilipokuwa ghala la babu. Sasa pana ghorofa la maduka. Nalitazama, naondoka.

Babu alilijenga wakati pale bado ni shamba la minazi, apate pa kuweka mbata. Boriti za mikoko zilichimbiwa ardhini, fito zikafungwa kwa kamba za usumba, katikati ukashindiliwa udongo mwekundu na mawe, juu ikapakwa chokaa. Baba mkubwa, kijana wakati huo, ndiye aliyekuwa akiichanganya. Minazi ilikatwa, mji ukaja, makuti yakawa bati, ghala likabaki. Shangazi alipoachika alihamia humo. Babu akiwa kitandani, karibu kufa, aliwaambia wanawe mbele ya majirani: kiwanja ni chenu wote, ila ghala likiwa bado limesimama, dada yenu asiguswe.

Hakuna aliyethubutu kuyavunja maneno hayo. Baba mkubwa alipopata mnunuzi wa kiwanja hakugombana na mtu. Alileta saruji, mkokoteni mzima, na fundi juu.

"Utapaka chokaa mpaka lini, dada yangu? Nataka ukae kama watu."

Shangazi alilia kwa furaha. Alimpikia wali wa nazi na nguru, kisha akazunguka kwa majirani akitamba: "Mnaye kaka kama wangu nyie?" Kuta zikapigwa lipu nje na ndani.

Ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa, na chokaa huyaacha yapite. Saruji huyafungia. Masika yalipokuja, unyevu ulipanda kutoka ardhini ukakosa pa kutokea. Boriti zikaozea ndani, nje lipu inang'aa. Masika ya pili, nikiwa mgeni wake, mchana kweupe, ukuta wa upande wa Gerezani uliinama, ukaketi. Paa likafuata. Shangazi alikuwa uani anafua.

Baba mkubwa alifika kabla ya alasiri, pamoja na mnunuzi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Pole. Ndiyo hivyo, limeanguka."

Shangazi alikuwa ameokota kipande cha boriti. Alikibana kidogo, kikamsagikia kiganjani. Akamwangalia kaka yake.

"Ulijua?"

"Chokaa ya ghala hili nimeichanganya mimi na baba. Ningeachaje kujua?" Alisema taratibu, kama anayemwelekeza mtoto njia. "Ulitaka nije na nyundo? Watu wangenionaje?"

Mnunuzi aligeuka pembeni akacheka. Majirani walikuwa wameshakusanyika. Shangazi alibaki amechuchumaa, povu la sabuni likimkauka mikononi, mpaka jirani mmoja, mama aliyekuwa akija kwake kila jioni kupiga soga, aliposogea kwa baba mkubwa na kumuuliza kama yale mabati atayauza.