Mabaka Mawili Kwenye Bango la Mgombea

Kuna mwanaume mmoja, baba mzima na sharubu zake, aliwahi kubandikwa mtaa mzima akitokwa na maziwa.

Sitanii. Bango lilikuwa kila nguzo, kila ukuta, hadi mlango wa choo cha soko. Uso mkali, tai nyekundu, na kifuani mabaka mawili meupe, moja kushoto, jingine kulia.

Maziwa yale yalikuwa yangu.

Ngoja nianze vizuri kabla hamjaanza kunisema.

Nilikuwa nafanya kazi studio ya picha. Bosi tulimwita Flashi, maana hasira zake zilikuwa zinawaka na kuzima papo hapo. Kazi yangu ilikuwa kupokea wateja, kuwapaka poda wasing'ae, kuwanyooshea kola, na kuwachekesha watoto waliogoma kuangalia kamera. Hapo ndipo nilipokuwa fundi. Mdomo ninao, na watu nawapenda. Studio ikijaa, mimi nanenepa.

Sasa, kila studio ina koti. Mnalijua. Koti jeusi la kila mtu, linaning'inia kwenye msumari na tai yake. Mteja anaingia na fulana, anatoka kwenye picha kama meneja. La kwetu lilikuwa limekumbatia watu wengi kuliko bibi harusi.

Nilirudi kazini mwanangu Bonge bado mchanga kabisa. Baba yake, fundi ujenzi, alikuwa ameanguka kazini, mguu kwenye plasta, anashinda kitandani. Bila kibarua changu hakuna sufuria ambayo ingepanda jikoni. Mtoto nikawa namwachia wifi yangu, dada wa mume, tunaishi naye, pamoja na chupa za maziwa niliyokamua.

Shida ikawa watoto wa studio. Wakiona zile taa tu, kilio.

Na mtoto akilia, maziwa yangu hayaulizi ni wa nani. Kwanza unasikia vijisindano kwenye chuchu, halafu chwaa! Na fulana ya kazi ilikuwa nyeupe.

Nilijaribu kila kitu. Vitambaa vilivyokunjwa ndani ya sidiria. Vipande vya nepi. Nikisikia vijisindano nakunja mikono, najikandamiza kifua, wateja wanadhani naringa.

"Dada wa mapokezi ana nyodo huyo!"

Laiti wangejua.

Sasa siku hiyo wakaja mapacha. Wakalia kwa zamu, huyu akinyamaza yule anapokea. Vitambaa vyote nilivyobeba vikaisha. Nikaona isiwe tabu, nikalitungua koti la studio nikajifunika. Jeusi lile, nani angeona?

Mara akaingia Mgombea. Muuza viatu vya mtumba, anagombea uenyekiti wa soko.

"Picha ya bango! Haraka, mchapaji ananisubiri!"

"Mvalishe koti," Flashi akaamuru.

Ningesema nini? Nikavua, nikamvalisha.

"Mbona lina umande?"

"Tumelipitishia pasi ya mvuke, mheshimiwa."

Akafurahi kuitwa mheshimiwa, akasahau umande. Akakaa chini ya taa kali, Flashi anahangaika naye. "Inua kidevu! Legeza sharubu!" Koti likamkaukia mwilini. Na maziwa yakikauka kwenye nguo nyeusi, mnaonyonyesha mnajua, yanaacha baka jeupe lenye ukingo kama ramani.

Kwenye kompyuta Flashi alifuta chunusi zote. Chini ya tai hakutazama. Mchapaji naye hakutazama.

Soko likatazama.

"Jamani, Mgombea amejifungua!"

"Hongera mzazi! Wa kike au wa kiume?"

Wapinzani wake wakampa jina siku hiyo hiyo: Mama Mwenyekiti.

Mwenyewe hakuja studio. Ilikuja simu. Flashi aliisikiliza mpaka mwisho, akaenda kwenye msumari, akalinusa koti.

"Nini hiki?"

"Maziwa, bosi."

"Maziwa ya nani?"

"Ya Bonge."

Hakuwaka. Hilo ndilo lililonitisha.

"Dada, sina ubaya na wewe. Ila nikikuona umelowa tena humu ndani, chukua mkoba wako uende."

Mimi na siri hatujawahi kulala chumba kimoja. Jioni ile kikao kilikuwa kimejaa juu ya kitanda changu: wifi, jirani yangu msusi, mama mwenye nyumba, na mume wangu na plasta yake juu ya mto. Nikasimulia yote. Tulicheka mpaka mama mwenye nyumba akaomba maji.

Halafu msusi akasema, "Shoga, yafunge."

"Yafungwe vipi?"

Wifi alikuwa ameshachana shuka kuukuu. "Inua mikono. Na kule kazini usikamue tena. Ukikamua unayaita."

"Na Bonge?"

"Mchana atakunywa ya kopo. Wewe utamnyonyesha ukirudi. Kwani yataenda wapi?"

Kwani yataenda wapi! Kila mtu akaona ni neno. Hata mume wangu akatikisa kichwa kukubali.

Wakanizungushia shuka, wakavuta kama wanafunga mzigo wa kwenda safari.

Sitawadanganya, niliumia. Kifua kikawa jiwe. Nilipata homa nikiwa nampaka mtu poda, natetemeka na tabasamu juu. Nikifika nyumbani kifua kinauma, Bonge kashiba chupa, nasema apumzike, nitamnyonyesha kesho. Lakini watoto walilia studio, na fulana ikabaki kavu. Flashi akaninyooshea dole gumba.

Baada ya muda maumivu yakaisha. Nikamshukuru Mungu.

Sikujua nashukuru nini.

Jumapili nikafungua shuka, nikamweka Bonge kifuani. Akanyonya. Akaacha, akaniangalia. Akanyonya tena kwa nguvu, kisha akatema chuchu akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake.

Nikabana kwa mkono. Likatoka tone. Moja. Likakaa pale kwenye chuchu, halikuwa hata na uzito wa kudondoka.

Wifi akaja na chupa. Mtoto akatulia mikononi mwake.

"Wifi, nisamehe," akaanza kulia. "Mimi sijazaa. Nimesema vile kwa kuwa msusi alisema."

Nikatoka mbio kwa msusi. "Na wewe, nani alikuambia?"

"Mteja wangu, nikimsuka. Kwake ilifanya kazi kabisa!" Nikaona uso wake unabadilika taratibu. "Ila, shoga… yeye alikuwa anaachisha mtoto ziwa."

Nesi wa kliniki hakunisema. Ningependa angenisema. "Mweke kifuani mara kwa mara, na ukamue hata kama hakitoki kitu. Wengine yanarudi." Nilifanya. Bonge aligeuza shingo kutafuta chupa. Kila mara.

Sasa sikilizeni mwisho wake.

Uchaguzi wa soko ukapita. Siku moja mlango wa studio ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia mtu na wengine nyuma yake.

"Yuko wapi mama mwenye maziwa?"

Mgombea! Nikajibana nyuma ya kaunta nikijua leo ndiyo leo.

"Nimeshinda!" akapaza sauti. "Wenzangu walibandika sura, nani anazikumbuka? Mimi kila mama wa soko alisimama kwenye bango langu, akacheka, akasoma jina langu. Wamenipa kura zote! Nataka bango la shukrani. Koti lile lile, mabaka yale yale!"

Flashi akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada, kazi kwako! Leo lowa unavyotaka!"

Na kama vile aliitwa, mtoto mmoja kwenye benchi akaangua kilio.

Studio nzima ikanitazama kifuani. Nikavaa koti. Nikasubiri vijisindano.

Nikasubiri.

"Vipi?" Flashi akauliza.

"Hayapo, bosi."

"Hayapo vipi?"

Akadhani naona haya. Akachukua kikombe chake cha chai ya maziwa, akachovya kidole, akachora mabaka mawili kwenye koti, nikiwa nimelivaa bado.

Bango lile liko mpaka leo kwenye nguzo iliyo mbele ya nyumba yetu. Watu wanacheka. Mimi nikilipita naangalia chini.

Bonge anakua. Akiumia ananipita, anakwenda kwa wifi.

Mdogo wangu unayesoma hapa blauzi imelowa, unatafuta pa kujificha: kamua. Weka kitambaa, badilisha, lowa tena. Waache wacheke. Na atakayekupa dawa, hata kama chumba kizima kinamuunga mkono, muulize aliyeitumia alikuwa anataka nini.

Mimi niliomba kukauka tu. Nilikauka.