Kichwa cha Sangala na Maneno ya Zaina

Mawese yakianza kunukia jikoni, mimi hupandwa na wivu kwanza, njaa baadaye. Usinicheke, ngoja nikueleze.

Nyumbani kwetu Rumonge, kichwa cha sangala, yule samaki mnono wa ziwani, kikipikwa kwa mawese kilikuwa changu. Baba alinimegea mwenyewe, nimekaa ubavuni pake mkekani. Halafu, siku za Uhuru, akaja Zaina, binti wa marehemu mama mdogo, kutoka Kigoma, na kifurushi cha nguo na Kiingereza. Shuleni kwetu tulikuwa na Kifaransa tu. Zaina hakuwa na mpinzani.

Jioni ya kwanza Baba akamwuliza Waingereza wanauitaje Uhuru. Zaina akapiga makofi: "In-de-pen-dence." Manne, nilihesabu. Kisha akalikata upya: "In, ni kukataa. Depend, kuegemea. Ence, hali. Hali ya kutomwegemea mtu."

"Mbona sasa iko vipande vitatu?" nikamdaka. "Kimoja umekificha wapi?"

"Vinne ni vya mdomo, dada. Vitatu ni vya maana."

Baba alicheka mpaka akapaliwa. "Huyu mutoto iko na kichwa!" Basi, na cha sangala akapewa yeye.

Tangu hapo kila jioni akaja na neno, refu kama mtumbwi. "Un-com-for-ta-ble," makofi matano. Kisha un, comfort, able, vipande vitatu. Baba anatikisa kichwa kwa raha. Mimi natafuna mkia, na miiba yake nimeihesabu mara mbili.

Nikaona heri ninunue. Tulipokuwa ziwani tunaosha vyombo, nikamwambia anifundishe kukata maneno, nimpe shanga zangu. Akakataa. Nikaongeza kitenge changu cha Idi. Akakataa. Nikaongeza upande wangu wa kitanda, ule wa ukutani, wenye joto.

"Wewe mukali wa bei," nikamwambia. "Sasa unataka nini?"

Alisugua sufuria iliyokuwa imeshang'aa. "Nikikupa maneno yangu, dada, mimi nitakaa kwenu kwa sababu gani?"

Nikadhani anapandisha bei. Nikanuna njia nzima.

Nimefanya biashara miaka mingi tangu hapo, na mtu asiye na kitu kingine cha kuuza namtambua toka mbali: hashuki hata kidogo, na mikono yake haitulii. Kwenye mkeka ule Zaina hakukaa bure hata jioni moja; kila jioni alilipa neno. Mimi nilikaa bure tangu kuzaliwa, nikilalamikia mkia.