Bibi wa Kwenye Gemu

Kila nikisikia harufu ya majani ya mkaratusi yakichemka, moyo hunilipuka. Nyumbani kwetu Kihesa, Iringa, likizo ile ya Juni yenye baridi kali, majani hayo yalichemka asubuhi na jioni kwa sababu Bibi, mama yake Mama, alikuwa anajifukiza kifua. Mama alikwenda Madibira kuvuna mpunga, akaniachia kazi moja tu.

"Bibi yako akiita, itika, halafu uende," alisema. Alinijua vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na, msinicheke, nilikuwa na mgonjwa mwingine. Mjomba alikuwa ametuachia mashine yake ya gemu, na ndani ya gemu moja kulikuwa na bibi kizee amelala kibandani, anakohoa. Ukishapata dawa kwa taabu, unaulizwa: unampa yeye, au unabaki nayo ikusaidie vitani? Mimi nilibaki nayo. Nikashinda vita, nikarudi kijijini na kukuta kibanda kimefungwa. Kila niliyemsalimia alinipa mgongo.

Nililia machozi kabisa, kwa ajili ya bibi wa kuchorwa! Nikaanza upya. Safari hii nilichelewa njiani, akafa tena. Nikaanza tena.

"Kamwene, mwanangu," Bibi aliita kutoka chumbani. Kila ombi alilianza kwa salamu ya Kihehe. "Niletee maji ya kunywa."

"Nakuja, Bibi!"

Mnalijua hilo nakuja letu. Tunalisema tukiwa tumekaa, tunalisema hata tukiwa tunaondoka. Nililisema mara tatu, macho kwenye runinga. Mara ya nne hakuita. Bibi wa kwenye gemu alikuwa amefumbua macho, kijiji kizima kinapiga vigelegele, nami naruka kwa furaha. Ndipo nikasikia jagi likianguka jikoni.

Nilimkuta sakafuni, mguu umepinda vibaya, maji yametapakaa mpaka mlangoni. Nilimvuta nikashindwa. Nikapiga magoti kwenye yale maji, nikamsihi Mungu anirudishe pale Bibi alipoita mara ya kwanza, pale tu, sitaomba kingine maisha yangu yote. Bibi aliendelea kugumia kwa maumivu. Nikakimbia kuita majirani.

Mama aliporudi, Bibi alimuwahi. "Usimseme mtoto. Maji aliniletea, mimi nikafuata mengine kwa kiherehere changu."

Nami nikanyamaza. Bibi hakutembea tena, na kabla ya Pasaka tulimzika.

Siku hizi naishi Mbeya, na bado nacheza. Wenzangu huchoma vijiji vizima wakicheka. Mimi siwezi hata kumwibia mkulima wa kuchorwa kuku mmoja. Wananitania eti ningefaa utawa. Kwa miaka mingi nami niliamini ni wema. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba ni woga, na kwamba yale maji hayakuwa kosa langu kubwa. Bibi alilala kitandani miezi tisa, nami nikimpelekea uji, na asubuhi yoyote ningeweza kumwambia Mama ukweli. Nafasi ya kurudia nilipewa, tena kila siku, nikachagua vilevile.

Mama mpaka leo huniita mbele ya wageni. "Huyu ndiye aliyemuuguza mama yangu," anasema, na machozi yanamlengalenga. Mimi huinuka, nikawaongezea chai.