Pikapu Iliyotangatanga

Juzi, mjini Kashikishi, kando ya ziwa, niliona pikapu iliyorundikiwa magunia ya samaki nyuma kabisa, mpaka pua yake ikatazama juu. Ya baba ilikuwa hivyohivyo siku moja nilipokuwa mtoto, tukipeleka samaki sokoni. Alasiri ile ilitangatanga barabarani, mara kushoto, mara kulia, na samaki wetu wabichi wakaanza kunuka juani. Kila mara baba alisimama, akakaza skrubu ya usukani, akalaani.

"Kaza na kichwa yako!" mama alifoka.

"Volan hii iko na shetani, mama!" baba akajibu, akiupiga usukani.

Mimi niliamini gari lilitaka kuwarudisha samaki ziwani. Kumbe mzigo wa nyuma uliyafanya magurudumu ya mbele kuwa mepesi, yasiishike barabara. Magunia yalihitaji kusogezwa mbele tu.

Samaki walipokwisha kuoza, tukawamwaga majanini. Gari, sasa tupu, likanyooka.

"Munaona?" baba akasema. "Nimeitengeneza."