Ngano ya Zerelda Kwenye Kilima cha Chuo

Wifi yangu Zerelda Haskett hakumwamini mtu. Ukimpa yai, atalitikisa kwanza. Kaka yangu alipofariki akamwachia binti mmoja, Lovina, ndipo shaka ikazidi. Lakini kwa lile la chuo, nasema wazi, tulimcheka bure.

Hapa Illinois, Marekani, mwaka ule baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wabunge wa jimbo walikuwa wakichagua pa kujenga chuo kikuu cha umma, na kila mji ulikitaka. Huu unaahidi mbao, ule unawanywesha wabunge mpaka wanasahau njia ya kwao. Mji wetu wa Pell Grove haukuwa na kitu ila kilima, na kilima kilikuwa cha Zerelda.

Bwana Asahel Crane, mwenye kinu cha kusaga na mkuu wa kamati ya mji ya kukitafuta chuo, akaja amevua kofia tangu getini. Hiyo kofia tu ilimtia wifi shaka.

"Bi Zerelda, toa kilima, na Lovina atasoma humo bure."

"Kwani wasichana wataingia?"

"Wataingia, mama. Kwa nini wasiingie?"

"Basi andika kwenye hati ya kilima."

Crane akakohoa. "Tusiwatishe wabunge mapema. Wapige kura kwanza, hayo mengine tutayaweka sawa."

"Mtayaweka sawa, wewe na nani?" Crane akavaa kofia yake, akaaga.

Lovina, aliyejifunza Kilatini jikoni huku akikoroga uji, alimsihi mama yake akubali. Wifi akakubali kwa mdomo. Halafu, kabla ya baridi, akafunga farasi kwenye plau akapanda ngano kilima kizima. Kwetu aliyepanda ndiye avunaye. Hata uuze shamba, mnunuzi atakaa pembeni mpaka mavuno. Kwa hiyo kilima kisingemtoka mkononi mpaka kura zipigwe na ukweli ujulikane. Lo, mwanamke yule!

Wabunge walikuja theluji ikiwa imekwisha zamani, mwezi wa Mei. Tulikuwa tumewaokea pai za kuku. Mkubwa wao akapanda kilimani, akakuta ngano imefika magotini.

"Bwana Crane, si ulisema kiwanja kiko tayari?"

"Kiko tayari, mheshimiwa. Huyu mama ana mzaha."

"Sina mzaha," wifi akasema. "Nitakitoa nikishavuna, na nikishaona wasichana wameruhusiwa, kama huyu alivyoniahidi."

"Wasichana?" Mbunge akamgeukia Crane. "Si wewe uliyetuambia watu wa hapa hawataki upuuzi huo?"

Crane akatazama buti zake. Mnafiki mkubwa! Nilitamani kumpaka pai usoni.

Lakini hakuna aliyemlaumu Crane. Chuo kilikwenda mji mwingine, cha wavulana watupu, na Pell Grove nzima ikamgeukia wifi. Wakati wa mavuno kwetu jirani haitwi, huja mwenyewe na mundu wake. Safari hii hakuja mtu. Tulivuna sisi watatu, migongo ikituwaka moto.

Tulipokaribia kumaliza, wifi akajinyoosha. "Umeona, Lovina? Nilijua ananidanganya."

Lovina aliendelea kufunga miganda. "Hata mimi nilijua, mama."

"Ulijua? Na bado ukanisihi?"

"Chuo kingekuwa pale juu. Ningesimama nje ya dirisha nisikilize. Sasa hata dirisha sina."

Wifi akakaa palepale kwenye mabua, akalia.