Jinsi game ya simu ilivyonifanya niwanyime majirani maji

Wakuu, salaam. Najua humu mtu akisema anasimulia ukweli lazima mmoja aitishe picha. Picha sina. Nina kisa chenye kinaniaibisha, na mtu hajitungii aibu yake mwenyewe.

Mimi ni mkulima huku Kibwezi. Tuko mashamba kumi na tisa na tunategemea furrow moja, mtaro wa maji unaotoka mtoni. Kila shamba lina zamu yake. Langu ni la tatu kutoka pale maji yanapofunguliwa. Kumbukeni hiyo.

Nilichaguliwa kupanga zamu kwa sababu nina laptop. Sifa ingine sikuwa nayo.

Wakati huo nilikuwa nimezama kwa game moja ya kujenga mji. Wewe ndio kiongozi. Unaweka barabara, mabomba, shule. Juu ya kila nyumba kuna kauso. Kakiwa kijani, wenyeji wameridhika. Kakiwa kekundu, wana malalamishi. Mji ukiwa kijani vya kutosha, unapanda level.

Nilikwama level moja wiki tatu nzima. Kulikuwa na estate pembeni, mbali na maji, na hao watu walikuwa wekundu kila siku. Nikawajengea clinic. Wekundu. Nikawajengea uwanja wa mpira. Wekundu.

Siku moja nikafuta bomba lao kwa makosa. Wakahama wote. Nyumba zikaisha, na nyuso nyekundu zikaisha pia. Mji wote kijani! Fataki zikalipuka kwa screen.

Wakuu, nilifurahi kuliko siku nilipata driving licence.

Sasa, game haikuniambia nyima watu maji. Ilinipigia fataki tu. Lakini kuanzia hapo mdomo wangu ulibadilika. Nikikunywa chai hotelini nawaonyesha watu mji wangu kwa simu, nawaambia shida ya hii nchi ni vikao vingi. Kiongozi aachiwe hesabu zake afanye kazi. Mwananchi wa kawaida hajui anataka nini. Watu walikuwa wananikubali sana, nikajiona mtu wa maana.

Halafu mto ukapungua.

Nikatengeneza table kwa laptop, na rangi. Ilionyesha kwamba maji mengi hupotelea njiani kabla ya kufikia mashamba sita ya mwisho. Hiyo ilikuwa kweli, mtaro wetu ni wa udongo. Kwa kikao nikapendekeza hao sita wapate maji tu yakibaki. Mzee Kilonzo, chairman wetu, akauliza kama hiyo table imetoka kwa computer. Nikasema ndiyo. Akasema basi iko sawa, mikono ikainuliwa.

Wale sita hawakuwa kwa kikao. Kilianguka siku yao ya kuchuma. Siku hiyo niliipanga mimi, na nikajiambia ni bahati mbaya.

Wiki ya kwanza malalamishi yalijaa kwa WhatsApp group. Wiki ya pili yakapungua. Wiki ya tatu, kimya kabisa, kwa sababu wanne walikuwa wameleft. Nikampigia Mzee Kilonzo simu nikamwambia system imetulia.

Na niliamini, wakuu. Hapo ndipo nataka mnielewe. Nyanya zangu zilikuwa zinapata maji mara mbili kwa wiki, na sikuona uhusiano wowote.

Asubuhi moja, kama saa nne, akaja Mama Mutua. Shamba lake ndilo la kumi na tisa. Ni mama anaishi peke yake, ana robo eka ya bamia, na hizo bamia ndizo zilikuwa zimfikishe msimu wa mvua. Ndiye alinifundisha Sunday school. Nikamletea kiti, akakikataa.

"Nimesikia ni simu ilipanga hii maneno ya maji," akasema. "Hebu nionyeshe."

Nikafungua game. Akainama, akaangalia mji wangu vizuri.

"Mimi ni gani hapa?"

Nikaweka kidole pale pembeni, kwa nyasi. "Estate ilikuwa hapa, mwaitu."

Hivyo ndivyo tunaita mama zetu. Siku hiyo neno hilo lilinitoka kwa shida.

Akaangalia nyasi. "Na wewe, nyumba yako ni gani?"

Nikatafuta. Nawaambia ukweli, nilizungusha hiyo ramani yote nikitafuta nyumba yangu.

"Mimi sina nyumba hapa. Mimi ndio nacheza."

"Aiya," akasema. "Kumbe wewe hukunywangi maji."

Hakuwa amekasirika. Akaniambia nimfuate tukaone bamia.

Maua yalikuwa yameanguka. Nusu ya shamba ilikuwa imekauka, na nusu ingine bado inapumua, kwa sababu alikuwa anaimwagilia na maji ya kufulia, mtungi kwa mtungi. Tukapita katikati ya zile zilizokufa.

"Hizi nilinyima ndio zile ziishi," akasema. "Kila asubuhi napitia hapa. Naziangalia."

Niliona aibu mpaka masikio yakawasha.

Nikaitisha kikao, safari hii siku ambayo si ya mtu kuchuma. Nikasimama nikakiri yote, hadi mambo ya fataki. Mzee Kilonzo akauliza kama table ya computer inaweza kukosea. Nikamwambia table haikukosea, mimi ndio nilikosea. Zamu zikarudishwa.

Mama Mutua akaomba jambo moja tu: mwenye kupanga zamu awe anachukua maji wa mwisho, baada ya shamba la kumi na tisa. Mikono yote ikainuka. Na wangu.

Nusu ya bamia zake ilipona. Ile ingine hakuna kikao kingeirudisha.

Nilichojifunza ni kidogo. Game haikunipa moyo mbaya. Ilinizoesha kuangalia watu kutoka juu, mahali kiu haifiki, na ikaita hiyo uongozi. Bado naicheza. Nilianza upya, ile estate nimeijenga tena, na nimekwama level ile ile.

Nyinyi je, kuna game imewahi kuwabadilisha mawazo bila nyinyi kujua? Semeni tu, nitasoma zote. Nina wakati. Leo ni zamu yangu, nimekaa hapa kwa mtaro tangu asubuhi, na Mama Mutua bado hajamaliza.