Siku Mzee wa Usafi Alipounganisha Historia

Ofisini walimwita Mzee wa Usafi, ingawa hata mvi moja hana. Kikombe chake hakiguswi, nyaya za kompyuta yake kazifunga pamoja, na programu ya duka la dawa anayoiandika na binamu yake, binti wa mjomba, ameinyoosha mpaka inachosha. Kilichomkosesha raha ni historia ya programu hiyo. Kila mmoja wao akihifadhi mabadiliko, kompyuta huandika jina lake na maelezo mafupi, na maelezo ya binamu yalikuwa vituko vitupu: "nimejaribu", "bado", "sasa je?", "jamani!"

Asubuhi hiyo bosi alitaka kuipitia historia hiyo, aamue kama binamu ataajiriwa au muda wake wa majaribio uishie hapo. Mzee wa Usafi akaona amsitiri. Akayaunganisha mabadiliko yote ya zamani yakawa badiliko moja, akaliandikia maelezo ya heshima, akailazimisha seva, kompyuta kuu ya ofisi, ipokee historia mpya badala ya ile ya mwanzo. Akajipongeza kwa chai.

Alipoitazama tena historia hiyo, binamu alikuwa ameshaingia kwa bosi. Ndipo akaliona kosa lake. Badiliko la kwanza kabisa lilikuwa lake yeye, kwa hiyo rundo zima lilibeba jina lake. Binamu hakuwemo hata mara moja. Usafi gani huu, wa kufagia takataka pamoja na mwenye nyumba?

"Mungu wangu, nimemfukuzisha mtoto wa mjomba!"

Nakala ya historia ya zamani ilikuwa bado imejificha kwenye kompyuta yake. Akaitafuta, akakosea amri, akafuta, akakosea tena. Hofu ilimbana mpaka herufi zikamchezea machoni. Hatimaye ikapatikana, na vituko vyake vyote. Akairudisha kwenye seva, akaingia kwa bosi bila hata hodi.

"Bosi, fungua upya! Kazi nyingi ni yake. Mimi ndiye nimeharibu!"

Bosi akabonyeza, jina la binamu likajaa kioo kizima cha kompyuta. Akamgeukia binamu.

"Sasa mbona nilipokuuliza, ukasema yote kafanya kaka yako?"

Binamu hakumtazama yeyote.

"Niliona jina lake peke yake, nikajua kaka ameamua kuichukua kazi yote," akasema taratibu. "Na mimi naishi kwake, bosi. Ningembishia, ningelala wapi?"